Michi Miwili, Saa Moja

Tu, ti. Tu, ti.

Sauti hiyo ndiyo ya kwanza anayoikumbuka Mwanamkuu Abdulkadiri, kabla ya adhana, kabla ya mtu yeyote kumwita kwa jina: michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja, nyuma ya nyumba yao, Kibuta. Mchi mzito, ule wa tu, ulikuwa wa mama yake, Bi Sikuzani. Mchi mwepesi, ule wa ti, ulikuwa wa jirani yeyote aliyekuwa akipita, maana huko kwao mwanamke hakupita kwenye kinu cha mwenzake bila kushika mchi japo kidogo.

Alipotimiza miaka tisa akapewa yeye mchi mwepesi. Siku ya kwanza aliuinua mpaka juu ya kichwa, akaushusha kwa nguvu zake zote. Michi ikagongana, makopa ya muhogo yakaruka, kuku wakayakimbilia.

"Mbona unapigana nacho kinu?" mama akamuuliza. "Kimekutukana?"

"Nataka yasagike upesi."

"Unatumia nguvu kwa sababu huijui zamu yako. Sikiliza mchi wangu. Wako ushuke wangu ukiwa juu kabisa, si kabla, si baada. Ukiipata zamu, mchi unaanguka wenyewe."

Mtoto akasikiliza. Jua lilipoanza kupinda alikuwa anatwanga huku anaongea, na mikono haikumuuma. Mama hakumsifu. Alisogeza ungo tu, akaongeza makopa.

Miaka thelathini na miwili baadaye, Mwanamkuu alikuwa fundi katika karakana ya kampuni moja ndogo pale mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Alifika huko kwa njia ndefu. Alisoma chuo cha ufundi, akatoka na cheti, kisha akakaa miaka kumi na meza yake ya kutengeneza redio na simu mjini Kisarawe. Wanaume walikuwa wakifika na redio kwapani, wakamtazama, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Mwanzo alikuwa anaeleza. Baadaye akachoka kueleza.

"Amekwenda kuswali," alikuwa akijibu. "Niachie, nitampa."

Wakirudi jioni redio inaimba. "Msalimie sana fundi," walikuwa wakisema. "Mwambie ana mikono." Naye alikuwa akiitikia kwamba salamu zitafika.

Ile kampuni ya Kibaha ilikuwa inatengeneza sanduku la kuchunga mto. Ni sanduku dogo lenye kamera, linafungwa kwenye mlingoti ukingoni mwa Ruvu, linapiga picha ya nguzo yenye alama za kina cha maji, na maji yakipanda linatuma ujumbe kwenye simu za wakulima wa mpunga. Linakula umeme wa jua na kuweka akiba kwenye betri. Wakati wa kiangazi lilifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa masika. Mawingu yalipotanda siku tatu mfululizo betri iliisha, na sanduku lililala katika majira yaleyale ambayo mto unahitaji mtu macho.

Wote pale karakana waliilaumu sola. Mhandisi Zubeir, kijana mwenye shahada, mpole wa maneno na mwepesi wa kompyuta, alitaka ibandikwe sola kubwa zaidi. Mwanamkuu hakubishana naye. Alichukua vipimo vyake, akafuata umeme ndani ya bodi hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi wa kuku, akaukuta mahali ambapo hakuna aliyeutafuta. Ulikuwa unaliwa kwenye njia nyembamba za shaba kati ya chipu mbili.

Chipu ya kwanza ni ya kamera. Ya pili ndiyo inayosoma picha. Ya kwanza inaipelekea ya pili picha nzima kwa vipande vidogo, kila kipande ni moja au sifuri, mamilioni kwa mamilioni kwa sekunde. Kazi hiyo inaongozwa na saa. Si saa ya kumwambia mtu adhuhuri imeingia. Hii ni saa ya ndani, pigo la umeme linalodunda ili chipu inayopokea ijue ni wakati gani itazame waya. Ikitazama katikati ya kipande, inaona moja ni moja na sifuri ni sifuri. Ikiwahi au ikichelewa, inatazama wakati umeme bado unapanda au unashuka, na hapo haijui imeona nini. Waliotengeneza chipu zile walilijua jambo hilo, wakaona njia rahisi ni kuifanya inayotuma ipige kelele: volti nyingi, ili hata inayopokea ikitazama vibaya, iambulie kitu.

Mwanamkuu aliegemea kiti akacheka peke yake.

"Kuna nini, dada Mkuu?" Zubeir akauliza.

"Hizi mbili zinagombana na kinu."

Zubeir hakuelewa, naye hakumweleza. Alianza kazi siku hiyo, na kazi ikachukua miezi saba. Aliifanya chipu ya kamera itume mfululizo wa moja na sifuri unaojulikana, tena na tena, na inayopokea akaisogezea wakati wake wa kutazama kidogo kidogo, akaandika pale makosa yanapoanza upande huu na pale yanapoanza upande ule, kisha akaiweka katikati. Zamu ikapatikana. Akaanza kupunguza volti. Akapunguza, akapunguza, na picha bado ikafika safi. Umeme uliokuwa ukipotea kwenye zile njia za shaba ukashuka chini ya nusu.

Lilibaki joto. Ukichora umeme wa waya ule kwenye kioo cha kipimo, mistari inapishana na kuacha uwazi katikati, na mafundi uwazi huo huuita jicho. Jicho likiwa pana, picha inasomeka. Mwanamkuu aliliweka sanduku juani nyuma ya karakana, akakaa nalo kutwa nzima akiwa na mwavuli wake, na aliona jinsi jicho lilivyofumba polepole kadiri bati lilivyopata moto, kama mtu anayetazama mto wakati jua limewaka juu ya maji. Zamu iliyopangwa asubuhi haikufaa mchana. Iliyopangwa katikati ya joto kali ilifaa mchana, jioni na alfajiri. Na kwa kuwa kusawazisha saa kwenyewe kunakula umeme, haifai kufanywa ovyo. Mara moja kwa siku inatosha, ila iwe saa nane, jua linapochoma kuliko wakati wowote.

Aliandika yote kwenye daftari lenye jalada la kijani. Aliandika kwa saa za nyumbani, kama alivyohesabu maisha yake yote: saa moja jua linachomoza, saa sita liko utosini, saa nane linaunguza. Zubeir aliliazima daftari hilo akachora grafu kwenye kompyuta, na katika grafu zake saa nane ya daftari ilisimama mahali pake, 14:00. Mwanamkuu aliziona zikiwa zimebandikwa ukutani. Zilikuwa nzuri.

Bi Firdausi, mkurugenzi, alifika karakana akasimama mbele ya grafu muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na hakupenda kuahidi.

"Masanduku yakivuka masika haya," alisema, "ripoti itakwenda kwa jina lako, Mwanamkuu. Jina lako peke yake. Na karakana utaishika wewe."

"Hapo atakuwa Mkuu kweli," Zubeir akatania. "Siku zote alikuwa mkuu wa jina tu."

Wakacheka wote, na Mwanamkuu akacheka kuliko wao. Aliporudi chumbani kwake aliliandika jina lake lote kwenye karatasi, Mwanamkuu Abdulkadiri, akalitazama, kisha akaikunja karatasi ile kwa haya akaitia kwenye pochi.

Kaka yake, Mashaka, alikuwa ameoa Mlandizi na analima mpunga kando ya Ruvu. Alikuwa na pampu ya kunyweshea bustani ya miche. Kila siku kabla ya adhuhuri aliing'oa ukingoni, akaibeba begani mpaka nyumbani, akairudisha kesho yake alfajiri, kwa sababu Ruvu haitabiriki: jua linaweza kuwa linawaka Mlandizi huku maji ya mvua za milima ya Uluguru yako njiani. Bega lake la kulia lilikuwa limeota sugu. Mwanamkuu alikwenda kufunga sanduku la kwanza jirani na shamba lake, akamkuta anajifunga kitambaa begani.

"Iache pampu hapahapa, kaka," alimwambia. "Bega nalo lipumzike. Sanduku litakuita."

"Litaniita kwa jina?"

"Litakuita kwa simu."

"Mimi nimezoea kuitwa na wewe ukiwa na njaa." Mashaka aliupapasa mlingoti kama anavyopapasa shingo ya ng'ombe anayetaka kumnunua. "Haya. Kama ni wewe uliyelifunza, nitaliamini."

Kabla masanduku mengine hayajafungwa, ilijazwa fomu moja ya mipangilio. Ilikuwa na vijumba vidogo vya kuandika tarakimu, na kimoja kilisema: Saa ya kusawazisha. Mwanamkuu aliijaza akiwa amesimama, kalamu ya kuazima mkononi, gari la kwenda Ruvu limewashwa nje. Aliandika 8:00. Akatia sahihi. Zubeir akaichukua, akaingiza tarakimu kwenye kompyuta kama zilivyo.

Kompyuta haijui saa za nyumbani. Kwake yeye 8:00 ni saa mbili ya asubuhi, umande haujakauka.

Wiki tatu za kwanza mawingu hayakufunguka. Mabati ya masanduku hayakupata moto, jicho halikufumba, na betri zilizokuwa zikifa siku ya tatu zilivuka ya tano, ya kumi, ya ishirini. Bi Firdausi alituma soda karakana. Zubeir alianza kumwita Mwanamkuu "Mkuu wa Karakana" bila kutania. Mama alipopiga simu kutoka Kibuta kuuliza lini atakuja kumtazama, maana masikio yalikuwa yanazidi kumwacha, Mwanamkuu alisema, "Masika yakiisha, mama. Nitakuja na habari."

Siku ya ishirini na tatu mbingu ilifunguka. Jua la Mlandizi lilikuwa kali, lile jua la baada ya mvua linaloonekana kama limeoshwa. Ilipopita saa saba mchana mabati yalikuwa hayashikiki. Sanduku la shambani kwa Mashaka lilipiga picha, lakini chipu ya pili ikaona vipande vya picha tu. Ikaomba irudiwe. Ikapata vipande. Ikaomba tena, na tena, kila ombi likinyonya betri, mpaka saa tisa kasoro lilipojizima ili betri isiharibike, kama lilivyofundishwa.

Maji ya Uluguru yalifika saa tisa na nusu.

Mwanamkuu alipata habari kwa sauti ya kaka yake, na haikuwa sauti ya mtu anayelalamika. "Pampu imekwenda," alisema Mashaka. "Na miche yote. Watoto wako salama, walikuwa huku juu."

"Hukupata ujumbe?"

"Nilikuwa naungoja. Niliiweka simu juu ya ndoo, nikakaa mbele yake. Wenzangu walipoanza kukimbilia mtoni nikawaambia tulieni, ya kwetu haijalia."

Mwanamkuu alilitafuta sanduku lile kwenye kompyuta. Hakulipata.

"Sanduku lako lina haya, Mkuu," Mashaka akasema, akijaribu kucheka. "Limeona maji likafumba jicho."

Kikao kilifanyika kesho yake. Bi Firdausi alikuwa ameweka mezani karatasi mbili: kumbukumbu za sanduku, na fomu. Zubeir alikaa upande wa dirishani.

"Lilisawazisha saa mbili asubuhi," Bi Firdausi alisema. "Siku zote ishirini na tatu. Saa mbili. Kwa nini?"

Mwanamkuu aliitazama fomu, akaona mwandiko wake mwenyewe, nane iliyonona, na koloni, na sifuri mbili kama macho ya samaki.

"Niliandika nane," alisema. "Saa nane. Ya mchana."

"Fomu inasema 8:00, na kwa kompyuta hiyo ni asubuhi."

"Kwenye daftari langu kila kitu kiko kwa saa zetu. Zubeir analijua. Yeye ndiye aliyelichorea grafu." Alinyoosha kidole ukutani. Grafu zilikuwa bado ziko pale, na 14:00 ilisomeka hata kutoka mlangoni. "Zubeir, kule uligeuza mwenyewe. Huku mbona hukugeuza?"

Zubeir aliishika kalamu yake, akaizungusha. "Dada, daftari ni daftari na fomu ni fomu," alisema taratibu. "Fomu ina sahihi yako. Nilidhani umebadilisha mawazo. Mimi nani nikusahihishe?"

"Ungeuliza."

"Ningeuliza, ungesema kijana ananifundisha kazi."

Huenda kweli angesema. Hilo ndilo lililomfunga mdomo, na lingine lilikuwa pampu. Angeweza kuzungumza asubuhi nzima juu ya saa za nyumbani na saa za kompyuta, juu ya miezi saba, juu ya volti alizozishusha moja moja kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala. Lakini kila alipofungua mdomo alimwona Mashaka amekaa mbele ya ndoo, anaitazama simu isiyolia, anawaambia wenzake watulie.

"Nane ni yangu," alisema.

Bi Firdausi alizikusanya karatasi. Hakufurahi, hilo lilionekana. "Wafadhili wanakuja Alhamisi," alisema. "Sitaweza kuwaeleza habari ya saa mbili na saa nane."

Zubeir alifuta 8:00 akaandika 14:00. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Masanduku yakasawazisha saa zake katikati ya joto, kama daftari la kijani lilivyotaka tangu mwanzo, na hayakuzima tena. Yalivuka masika yote, mawingu na jua. Mwezi wa saba ripoti ikatoka, jalada zuri, picha ya Ruvu mbele: Kupunguza Matumizi ya Umeme kwa Kusawazisha Saa, imeandikwa na Mhandisi Zubeir. Karakana nzima ilipewa nakala. Mwanamkuu alisoma yake akiwa amesimama. Katika ukurasa wa mwisho paliandikwa kwamba mwandishi anawashukuru mafundi wa karakana.

"Nimewataja," Zubeir alimwambia mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na Mwanamkuu aliona kwamba alikuwa anataka kusamehewa palepale, upesi, kabla ya chakula cha mchana.

"Nimeona," Mwanamkuu alijibu. "Msalimie fundi."

Kijana hakujua salamu hizo zimetoka wapi. Alisema ahsante.

Jumamosi Mwanamkuu alipitia Mlandizi. Mashaka alikuwa anamwagilia miche mipya kwa ndoo, moja kila mkono, kutoka mtoni mpaka bustanini, na shati lake lilikuwa limechanika begani, juu ya ile sugu. Aliziweka ndoo chini kumpokea dada yake. Waliongea habari za watoto. Sanduku lilikuwa juu ya mlingoti, linafanya kazi, kamera inatazama mto. Hakuna aliyelitaja.

Jumapili akafika Kibuta.

Bi Sikuzani alikuwa uani, mbele ya kinu kilekile. Alikuwa amepungua. Mchi mzito alikuwa ameuegemeza ukutani na ameshika ule mwepesi.

"Shikamoo, mama."

"Eeh?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile habari?"

"Nimekuja, mama."

Mama aliyasoma midomoni mwake maneno hayo, akamtazama zaidi kidogo ya ilivyohitajika, kisha akamwonyesha mchi mzito kwa kidevu. "Shika. Unga wa mashine unanuka mafuta, siuwezi."

Mwanamkuu alijifunga khanga kiunoni akaushika. Wakaanza. Michi ikagongana mara moja, ikagongana mara ya pili. Mama hakuusikia tena mchi wa mwenzake. Alitwanga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ilikuwa inachelewa. Mara afike, mara abaki juu, mikono inatetemeka. Basi Mwanamkuu akaacha kuhesabu kwa kichwa chake. Akaitazama mikono ile, akaungoja mchi mwepesi ufike juu kabisa, si kabla, si baada, kisha akauachia wake uanguke wenyewe. Ulipochelewa, naye alichelewa. Ulipotetemeka, aliungoja.

Tu, ti. Tu, ti.

"Unaona," mama alisema, akahema, akatabasamu kwa fizi. "Bado naweza."

"Unaweza, mama."

Jua lilikuwa limewaka juu ya ua, vivuli vimeanza kurefuka kando ya miguu yao, na bati la banda la kuku lilikuwa linalia tik, tik kwa joto. Bi Sikuzani aliusimamisha mchi, akajipangusa shingo kwa ncha ya mtandio.

"Hebu tazama simu yako. Adhuhuri isije ikanipita na masikio haya. Saa ngapi?"

Mwanamkuu aliitoa simu mfukoni. Kioo kilikuwa kimeandika 14:00, tarakimu nyeupe, safi kabisa. Aliitazama mpaka kioo kikazima.

"Ngapi?" mama akauliza tena, amemwinamia kwa sikio lile lenye nafuu.

"Nane," alisema, kwa sauti ambayo mama asingeweza kuisikia. "Ilikuwa nane ya mchana."